UZI: Misemo ya Kichina ukiipitisha kwenye Kiingereza inafika imevunjika. Ijaribuni kwa Kiswahili

Mkalimani_Mstaafu (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Huu uzi niliuahidi tangu ule mjadala wa mizigo ya Yiwu. Leo mvua imenifungia ndani, acha niushushe.

Nilikaa Yiwu, mkoa wa Zhejiang, miaka sita. Mwaka wa kwanza nilikuwa darasani. Iliyobaki nilikuwa nawatembeza wafanyabiashara wa kwetu kwenye soko la Futian, nawatafsiria bei na kuwasimamia mzigo mpaka uingie kwenye kontena. Kitabu tulichosomea kilikuwa cha Kichina kwa Kiingereza. Yaani neno linatoka Kichina linapanda gari la Kiingereza, halafu kichwani mwako linashushwa na kupakiwa tena kwenda Kiswahili. Mnaosafirisha vyombo vya kioo mnajua mzigo ukishushwa njiani nini kinatokea.

Siku niliyoshtuka ni hii. Nilikuwa na mama mmoja wa Kariakoo, anafunga mzigo wa mikoba. Tumezunguka tangu asubuhi, miguu imemvimba mpaka kavua viatu kavishika mkononi. Tumeingia duka la mwisho, mke wa mwenye duka kamwangalia, kamletea maji ya moto kwenye kikombe cha karatasi (kule maji ya moto ndiyo ukarimu wenyewe) akamwambia: «Xīnkǔ le!» Palikuwa na binti wa dukani anayejua Kiingereza. Akawahi kutafsiri: «You are very tired.»

Mama akanigeukia, uso umekunjamana. "Huyu mtoto ananiambia nimechoka? Nimemwomba kiti mimi?"

Nikamwambia, "Mama, hajasema hivyo. Huyu dada amekwambia pole."

Uso ukafunguka papo hapo. "Aaah! Pole! Mwambie ahsante, nimeshapoa."

辛苦, xīnkǔ. Xīn ni ukali, kama wa pilipili. Kǔ ni uchungu, kama wa shubiri. Ukiunganisha unapata taabu, mahangaiko. Ukimwambia mtu «xīnkǔ le» unakiri kwamba ameona taabu na wewe umeiona. Anaambiwa fundi akimaliza kazi, dereva akifika, mgeni akishuka uwanja wa ndege. Vitabu vya Kiingereza vinaandika mstari mzima hapo, mara ahsante kwa bidii yako, mara umefanya kazi ngumu, na bado haijakaa. Sisi tuna neno moja la herufi nne. Pole na kazi, pole na safari, pole na jua.

Tangu siku ile nikaanza daftari langu. Kila neno jipya naliruka Kiingereza, nauliza: huyu bibi angekuwa anatoka Tanga angesemaje?

Nianze na KULA, maana Wachina na sisi tumekutana mezani.

吃亏 chī kuī. Chī ni kula, kuī ni hasara. Kula hasara. Neno kwa neno! 

吃苦 chī kǔ, kula uchungu. Mzee wa Kichina akimsifia kijana wake atasema huyu anaweza kula uchungu, maana yake amezoea shida na hakimbii. Vijana wa mjini mnasema kula msoto. Hiyo hiyo.

吃醋 chī cù, kula siki. Hapa msikurupuke: ni kuona wivu wa mapenzi. Mwenzio akikuuliza kama umekula siki, hasemi habari za kachumbari.

吃软饭 chī ruǎnfàn, kula wali laini. Mwanaume anayelelewa na mwanamke. Marioo kamili. Nilipoliona kwenye kitabu lilikuwa na maelezo ya mistari mitatu ya Kiingereza, mimi nikaandika pembeni neno moja nikafunga daftari.

Nitaendelea, ngoja nichemshe chai.

Kontena40

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Mkuu wali laini umeniua, nina jamaa yangu nitamsomea jioni.

Ila nina swali la biashara. Mimi Guangzhou niliwahi kutaka kuuliza kama wananunua vyuma chakavu, wakanielewa nauza. Tulibishana robo saa na kikokotoo mkononi. Shida ilikuwa nini?

Mkalimani_Mstaafu

Shida ilikuwa sauti yako. Kununua ni mǎi, sauti inazama halafu inapanda. Kuuza ni mài, sauti inaporomoka kama unamkemea mtu. 买 na 卖. Hata maandishi yanafanana, kuuza kumeongezewa kofia juu. Sisi tunaojifunza kwa Kiingereza tunaambiwa hii ni toni ya tatu, ile ya nne, tunakariri namba. Mimi nilielewa siku mwalimu mmoja wa kwetu aliponiambia nifikirie «barabara». Barabara ya kwenda Moshi, na kazi imefanyika barábara. Sauti imehamia mahali pengine, maana imehama nayo. Lugha yetu ina vitu hivyo vichache, Kichina kimejaa hivyo tupu.

BintiPangani

Shikamoo mleta mada. Mimi nilisoma Kichina miezi mitatu nikaacha, ila kuna msemo mmoja sijawahi kuusahau: kukaanga ngisi. Mwalimu alisema maana yake ni kufukuzwa kazi. Darasa zima lilikuwa linashangaa, ngisi anahusikaje na barua ya kuachishwa kazi?

Mkalimani_Mstaafu

Marahaba binti. Umenigusa penyewe.

炒鱿鱼, chǎo yóuyú. Asili yake Kikantoni, kule Guangdong. Wewe ni mtu wa Pangani, hebu niambie: ngisi ukimtupa kwenye mafuta ya moto anafanyaje?

BintiPangani

Anajikunja. Anajiviringisha mwenyewe kama mkeka.

Mkalimani_Mstaafu

Umemaliza. Vibarua wa zamani wa Guangdong walikuwa wanakwenda kazini na matandiko yao wenyewe. Tajiri akikufukuza, unaviringisha tandiko lako unaondoka. Kwa hiyo aliyekaangwa ngisi ni aliyekunja matandiko.

Sasa shikeni viti. Kamusi za Kiingereza zinaleta hapo gunia, kwa sababu wao mtu akifukuzwa wanasema kapewa gunia. Sawa, ni msemo wao. Sisi je? Timu ikitolewa mashindanoni watangazaji wetu wanasemaje kila siku? Imefungasha VIRAGO. Kirago ni nini? Waulizeni wazee. Ni mkeka wa msafiri, wa kulalia njiani. Mchina kakunja tandiko, Mswahili kafunga kirago, na wote wawili siku hizi wanasema hivyo bila kukumbuka kwamba palikuwa na mkeka.

Siku nilipogundua hili nilikuwa kwenye basi la Hangzhou. Nilipiga paja langu kwa nguvu, jirani akahamia kiti kingine.

Ngangari_Jr

Mkuu uzi mtamu lakini usitupambe. Kiingereza kimebeba Kichina kingi kuliko sisi. Kubrainwash, kupoteza uso, paper tiger, zote hizo ni Kichina kilichoingia Kiingereza na dunia nzima inaelewa. Sisi tumechukua nini?

Mkalimani_Mstaafu

Hoja nzuri, na mifano yako yote ni ya kweli. «Kuosha ubongo» ni xǐ nǎo, 洗脑, waliitafsiri neno kwa neno miaka ya vita vya Korea. «Kupoteza uso» ni diū liǎn, ipo Kiingereza tangu karne ya 19. Na 2018 kamusi ya Oxford ikaingiza hata «add oil», yaani jiāyóu, 加油, ongeza mafuta, kile kelele cha kumtia mtu moyo uwanjani. Sisi tungesema kaza! au komaa!

Ya chui wa karatasi ina kisa. Agosti 1946, Mao alikuwa Yan'an anahojiwa na mwandishi wa Kimarekani Anna Louise Strong. Akasema wapinga maendeleo wote ni zhǐ lǎohǔ. Mkalimani akatafsiri kuwa ni sanamu la kutishia ndege shambani. Mao akasimamisha mazungumzo, akauliza hilo sanamu ni kitu gani hasa, akakataa: yeye kasema chui milia wa karatasi, anatisha ukimwona kwa mbali, mvua ikinyesha analowa. Namwelewa sana yule mkalimani. Alifanya tunachofanya wote tukibanwa, alitafuta kitu kinachofanana kwenye ghala la lugha ya pili.

Sisi tumechukua nini? Angalia kikombe chako. CHAI. Wao wanasema chá. Waingereza wana «tea» kwa sababu iliwafikia kupitia Wadachi waliochukua matamshi ya watu wa Fujian, wanaosema te. Kwetu neno limepita kwa Waajemi na Wahindi mpaka likatua Pwani, na bado mtu wa Beijing akisikia chai anageuka. (Ile chai nyingine ya bahasha nayo wanayo, ila bahasha yao ni nyekundu.)

Mwalimu_wa_Zamu

Salamu kutoka Thika. Mimi nataka msaada. Kila kongamano la motisha hapa Kenya lazima mzungumzaji aseme kwamba Wachina neno lao la janga limeundwa na hatari jumlisha fursa. Wanafunzi wangu wameliandika hata kwenye insha. Ni kweli?

Mkalimani_Mstaafu

Mwalimu, chukua kalamu nyekundu.

危机, wēijī. Wēi ni hatari, hapo hakuna ubishi. Jī ndiyo wanayoionea. Jī ina maana nyingi: mtambo, tukio, wakati ambao jambo linageuka. Ikikaa na huì inakuwa jīhuì, fursa. Lakini ikikaa peke yake si fursa. Ndani ya wēijī ni ule wakati mambo yanapogeuka, na yanageukia kwenye hatari. Ndege ni fēijī, simu ya mkononi ni shǒujī, jī ile ile. Kwa hesabu za hao watu wa motisha basi ndege ni fursa inayoruka, na simu yako ni fursa ya mkononi. Mchina aliyepatwa na wēijī hafurahii chochote, anatafuta pa kujificha.

Aliyelipa umaarufu ni John F. Kennedy, alilitumia kwenye hotuba Indianapolis Aprili 1959. Halafu mdogo wake Robert akaja Cape Town Juni 1966, akawaambia wanafunzi kwamba kuna laana ya Kichina isemayo mtu na aishi katika nyakati za kusisimua. Hakuna Mchina anayeijua laana hiyo. Kilicho karibu nayo ni msemo wa zamani kwamba heri kuwa mbwa wakati wa amani kuliko kuwa mtu wakati wa vurugu. Ndugu wawili, nyumba moja, Kichina cha kubuni mara mbili.

Mwalimu_wa_Zamu

Nitawasomea kesho asubuhi gwaride likiisha. Fursa inayoruka, hahaha.

Mchele_wa_Kyela

Mkuu gusia ile misemo ya maneno manne. Nasikia kila mmoja una hadithi.

Mkalimani_Mstaafu

Inaitwa chéngyǔ. Wengi wake ni herufi nne kweli, na mingi ina kisa nyuma yake, kwa hiyo ukiambiwa maneno manne bila kisa umepewa ganda la embe. Nitoe miwili tu, ile inayoniuma.

半斤八两, bàn jīn bā liǎng. Nusu jin, liang nane. Maana yake hawa wawili ni wale wale, hakuna mwenye afadhali. Nilipokisoma nikapiga hesabu: jin ya sokoni ni gramu 500 na ina liang kumi. Nusu yake ni tano. Nane imetoka wapi? Kumbe jin ya zamani ilikuwa na liang kumi na sita. China Bara waliibadilisha 1959, msemo ukabaki na hesabu ya mababu. Hong Kong mpaka leo wanapima kwa kumi na sita. Kabla hujacheka jiulize: haba na haba hujaza nini? Kibaba. Nani humu ana kibaba jikoni? Robo ya pishi, na pishi yenyewe hatuna. Kila mtoto anaisema.

Wa pili ni 对牛弹琴, duì niú tán qín. Kumpigia ng'ombe qín, ala ya nyuzi.

Kontena40

Kumpigia mbuzi gitaa!!! Hiyo haihitaji mkalimani.

Mkalimani_Mstaafu

Ndivyo nilivyosema na mimi, na kwa matumizi ya kila siku uko sawa kabisa. Lakini kisa chenyewe nilikisoma baadaye sana. Kimo kwenye maandishi yanayopewa jina la Mouzi, ya zama za mwisho za ukoo wa kifalme wa Han. Gongming Yi, fundi wa qín, alimpigia ng'ombe wimbo wa hali ya juu. Ng'ombe kichwa chini, anakula majani. Mwandishi anasema: si kwamba hasikii, wimbo haujafika kwenye masikio yake. Fundi akabadilisha. Akaigiza mlio wa mbu na nzi wakali, akaigiza ndama aliyepotezana na mama yake. Ng'ombe akatikisa mkia, masikio yakasimama, akaanza kutembea taratibu huku anasikiliza.

Sisi kwenye mbuzi gitaa kosa ni la mbuzi, tumemaliza. Pale mwanzo, kosa lilikuwa la mpiga gitaa.

Ngangari_Jr

Kwa hiyo mbuzi wetu tunawaonea.

BintiPangani

Mimi naomba undugu. Wale Wachina waliokuja kujenga huku kwetu walikuwa wanachanganyikiwa tukisema baba mdogo, au walikuwa wanaelewa?

Mkalimani_Mstaafu

Binti, hao ndio wangekuelewa kuliko mtu yeyote. Hapa ndipo Kiingereza kinafulia kabisa. Uncle! Uncle gani? Kaka wa baba? Kaka wa mama? Mume wa shangazi? Wote kapu moja.

Mchina: kaka mkubwa wa baba ni bóbo. Baba mkubwa. Mdogo wa baba ni shūshu. Baba mdogo. Kaka wa mama ni jiùjiu. Mjomba. Dada wa baba ni gūgu. Shangazi. Dada wa mama ni yí, na wanamtofautisha mkubwa na mdogo kama sisi. Kaka ni gēge, mdogo wako wa kiume ni dìdi, dada jiějie, mdogo wa kike mèimei. Umri unaingia ndani ya jina, huwezi kukwepa. Niliwahi kuwa mezani na familia moja, binti yao anajitahidi kunieleza kwa Kiingereza huyu mzee ni nani: uncle, lakini wa upande wa mama, si mume wa fulani, yeye mwenyewe kaka... Nikamwambia jiùjiu. Akashusha pumzi. Mzee akanimiminia pombe ya mtama, sikuitaka, ilibidi.

Msidhani inalingana yote. Babu kwetu ni babu. Kwao baba wa baba ni yéye, baba wa mama ni wàigōng, na hiyo wài maana yake ni nje.

BintiPangani

BABU WA NJE? Huyo aliyenilea mimi?

Mkalimani_Mstaafu

Ndiyo hivyo, ukoo kwao ni jina la baba. Na kuna hili: mtoto wa baba mkubwa au baba mdogo ni táng, mnatoka jina moja. Wengine wote ni biǎo, hata mtoto wa mama mdogo. Kwetu mtoto wa mama mdogo ni ndugu yako kabisa, binamu ni yule wa mjomba na shangazi. Kwa hiyo ukimwambia Mchina huyu ni kaka yangu wakati ni mtoto wa mama mdogo, anaweza kukuona mwongo. Imeshanitokea kwenye fomu ya kuandikisha wageni, nikaonekana nina ndugu wa damu kumi na mmoja.

Mchele_wa_Kyela

Na kuna lililokushinda kabisa?

Mkalimani_Mstaafu

缘分, yuánfèn. Ile hali ya watu wawili kukutana kwenye dunia kubwa namna hii kana kwamba walipangiwa. Wanalisema kwa wapenzi, kwa marafiki, hata kwa mteja na muuza duka. Kiingereza wanaweka neno la majaliwa la kutisha, kama mtu anakwenda kunyongwa. Nimejaribu kudra, nimejaribu riziki, nimejaribu nyota zimekutana. Kila moja inashika kona moja tu. Mwenye jibu aweke.

Mwalimu_wa_Zamu

Bibi yangu angesema «Mungu alitukutanisha».

Mkalimani_Mstaafu

Mwalimu, hiyo naiingiza kwenye daftari. Imekaribia kuliko zote.

Kontena40

Mleta mada umetuacha njiani na yule mama wa mikoba. Alisema «nimeshapoa». Ulimtafsiriaje?

Mkalimani_Mstaafu

Nilikwama, mkuu. Nimesimama pale kama nguzo, hakuna ukurasa wa kitabu unaonijia. Mwisho nikakumbuka walivyokuwa wanajibizana wapakiaji wa mizigo: «Bù xīnkǔ, bù xīnkǔ.» Hakuna ukali, hakuna uchungu. Nikamtamkia Mama, Mama akarudia mwenyewe kwa lafudhi ya Kariakoo, mara mbili, na mkono kifuani.

Yule mwanamke wa Kichina akacheka mpaka akaziba mdomo, akamwongezea maji ya moto, akamsogezea kiti.

Bei ya mikoba hakuishusha hata jiao moja.